Pistole ya Papa Védaste

Mikono ya Védaste Twagirimana ilifika kabla yake popote alipokwenda. Akishika kikombe cha chai, kikombe kilipotea. Akiingia kanisani, watoto waligeuka kuitazama. Kwenye kibanda chake cha useremala pale Mabanga mjini Goma, mteja mmoja aliwahi kuiita sahani, na jina likashika: Papa Sahani. Hakuchukia. Mikono ile iliinua mbao nzito bila msaada, na ikisukuma randa, maranda yalitoka marefu na laini kama nywele za mtoto.

Alianza kuichukia siku ya mvua.

Mvua ya Goma ikipiga mabati, mtu hasikii hata sala yake mwenyewe. Jioni ile vijana wawili waliingia mlangoni kama wageni, mmoja ana panga, wakachukua redio, simu, na vitenge ambavyo Dative mkewe alikuwa hajavishona. Dative alipiga kelele. Aling'ang'ania kitenge kimoja mpaka kikapasuka. Védaste alikuwa amesimama ukutani. Hakujificha, hakukimbia; alisimama tu, mikono inaning'inia kama nguo mbichi kambani, mdomo umefungwa. Wakati wa kutoka, yule kijana wa panga alimgusa begani.

"Aksanti, papa," akamwambia.

Hiyo aksanti ndiyo iliyomla.

Hakumsimulia mtu, lakini nyumba ya mbao haina siri. Jirani yao Paulin, mfanyabiashara wa maharage aliyetoka Butembo, alimwita mbele ya watu: "Papa Sahani! Ile mikono yote ni ya kukula fufu tu?" Watu wakacheka. Védaste naye akacheka, maana anayechekwa akicheka, kicheko hufa upesi. Dative alikuwa karibu, anachambua mboga. Hakuinua macho.

Ndipo Védaste alipoanza kuuliza chini chini, hadi akaelekezwa kwa mtu wa Kibati. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni na mfuko wake wa vyombo vya kazi.

"Niko naenda Kibati," alimwambia mkewe. "Kutafuta pistole."

Uso wa Dative ukafunguka. "Pistole? Mungu wangu! Si njo nilikuambiaka tangu zamani?"

Kwa maana mafundi wa mbao mjini huita pistole, jina lile lile la bastola, kile chombo cha kupulizia vanishi, na mwenye nacho hung'arisha kabati likawa kama kioo, wakati mwenzake wa burashi bado anakoroga. Dative alikuwa akikiota kwa miaka. Védaste alifungua kinywa amsahihishe. Akaona jinsi alivyotabasamu, mara ya kwanza tangu mvua ile. Akakifunga.

Mtu wa Kibati aliitwa Balagizi, mzee mwembamba aliyewahi kulinda maghala. Alimpitisha nyuma ya magunia ya makaa, akakunjua sweta kuukuu. Ndani yake zililala revolveri mbili. Tangu vita vianze kwenda na kurudi, vitu kama hivyo vilizagaa njiani kama mbwa waliokimbiwa na wenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi. Mpini wake ulizama kiganjani mwa Védaste, kidole cha mwisho kikabaki nje hakina kazi, na kile cha kufyatulia kilikwama kwenye tundu lake.

"Hiyo ni ya mukono ya mwalimu," Balagizi alicheka. "Kamata kaka yake."

Kaka yake alikuwa mzito. Védaste alimpima kama anavyopima mpini wa msumeno: uzito umekaa wapi, mbao inafuata kiganja au inagombana nacho. Haikugombana. Ilimjaa mkono bila kumbana, kama iliyochongwa na mtu anayemjua.

Balagizi aliweka bidoni ya njano, dumu la maji, juu ya jiwe la volkano. Risasi ya kwanza ilipita juu. Védaste akashusha pumzi, kama afanyavyo anapofuata mstari wa penseli na msumeno, akapiga tena. Bidoni ikaruka. Ikarudishwa, akaipiga palepale alipokuwa akiangalia. Furaha ikampanda mpaka kooni. Mbele ya macho yake haikuwa bidoni; ulikuwa uso wa yule kijana wa aksanti, na ndevu zake chache za kuhesabika.

"Muzee," alisema Balagizi, "hii ilikuwa inakungojea weye."

Alirudi kwa pikipiki, kitu kile kimelala mfukoni chini ya randa. Njia nzima kiganja chake kilikuwa bado kinakikumbuka, na hilo lilimtisha kuliko mlio.

Nyumbani, Dative alikuwa amefagia kibanda chote. Paulin alikuwepo pia, ameketi kando ya kitanda kidogo cha mtoto kisichopakwa kitu: binti yake Wivine alikuwa karibu kujifungua. Alisimama, akanyoosha mkono.

"Papa Sahani, unisamehe mudomo yangu. Dative ameniambia. Nikasema kitanda ya mujukuu wangu njo itakuwa ya kwanza!"

Kwetu, mwenye mkono wa tope au wa unga hampi mtu kiganja. Humpa kifundo cha mkono. Védaste alitoa kifundo. Paulin akakishika, akakitikisa kwa furaha. Lakini Dative alikitazama kiganja. Kilikuwa kikavu, kisafi.

"Tuonyeshe basi!" Paulin alisema.

Védaste alikuwa ameegemea ukuta. Mikono ilining'inia. Mdomo ulifungwa. Dative aliuchukua mfuko, akaingiza mkono chini ya randa, na mkono ukasimama humo. Akautoa polepole. Akaufunga mfuko.

"Haimutoshi mukono," alimwambia Paulin. "Walimupatia ya watu wadogo. Itarudi."

"Eh! Hata pistole inaogopa sahani!" Paulin alicheka, akatoka nje. "Paka na burashi tu, mutoto hatauliza!"

Walibaki wawili.

"Inakutosha?" Dative aliuliza.

"Inanitosha."

"Inapiga sawa?"

"Inapiga pale niko naangalia."

"Njo maana itarudi." Aliketi. "Ile siku ya mvua, Védaste, sikutaka uue mutu. Nilitaka useme kitu. Hata jina yangu tu."

"Nilikuwa na woga."

"Nilijua. Ile nilishaimeza. Lakini leo uliniona nafurahi, ukaniacha nifurahi. Nikaenda kuita watu."

Védaste alitamani Dative acheke kama Paulin, au alie; angepewa mahali pa kuweka uso wake. Dative alileta beseni na jagi, akasimama mbele yake kama mbele ya mgeni anayekaribishwa mezani.

"Nawa. Kesho tunaenda Kibati wote wawili."

Alinyoosha mikono. Dative akamimina. Maji yalianguka kwenye beseni yakiwa meupe, hayana hata chembe ya unga wa mbao. Naye akaendelea kunawa.