Mchango wa Chumba cha Uani

Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, alikula udongo nusu ya soko la Kariakoo. Nimeongeza, ila kidogo tu. Nilikuwa nauza vifungo na zipu mtaa wa jirani na soko, na kila jioni kabla ya kukimbilia masomo ya usiku ilibidi nimpelekee vile vipande vya udongo wanavyopenda wajawazito. Alivitafuna, akashushia chai ya rangi nyeusi kiasi cha kung'arishia viatu. Wali aliuonja tu.

Tulidhani ni mimba. Lakini viganja vyake vilizidi kuwa vyeupe, na kuvuka ua kwenda bombani alihema kama anayepanda Mlima Kilimanjaro na friji mgongoni.

Kliniki wakampima. Ana minyoo ya safura, na damu imeshuka vibaya. Minyoo hiyo huingilia nyayoni, na yeye kabla ya hapo alikuwa kwao Rufiji akilima mpunga peku. Nesi akampa dawa, maana mimba ilishapita miezi ya mwanzo, na vidonge vya kuongeza damu. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba, dawa itatoa minyoo. Damu iliyokwisha kunyonywa hairudi yenyewe. Ale dagaa, maini, maharage, mboga za majani, akamulie ndimu. Chai aiweke mbali na chakula. Akifika siku ya kujifungua na damu hii, sitaki hata kukwambia."

Hakuniambia, na nikasikia yote.

Tuliporudi, mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni anapeta mchele.

"Marahaba," alituitikia. "Wamesemaje huko?"

Mke wangu ni mtu wa pwani, minyoo anaiita kama wanavyoiita kwao.

"Mchango, mama."

Ungo ukashuka chini. "Mchango tena? Mwezi huu harusi mbili na kipaimara juu. Wa nani huu?"

"Wangu. Uko tumboni."

"Yaani hajazaliwa mshaanza kumchangishia?"

Kabla hatujaeleza, ameshatuma kwenye grupu la wapangaji: chumba cha uani wana mchango. Simu zikalia nyumba nzima. Mkaanga samaki wa soko la Feri, anayekaa chumba cha mbele, akatoka na uso wa msiba, akaomba safari hii wamruke. Nilipoeleza kwamba ni minyoo, kicheko kilichotoka pale uani nadhani Buguruni waligeuza shingo.

Mama ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Alimshusha mke wangu ukope wa chini kwa kidole, akatazama ndani, palipotakiwa kuwa pekundu.

"Tangazo halifutwi," akasema. "Tutachanga."

"Sasa mama," mkaanga samaki akauliza, "tukimlisha sana si tunawanenepesha hao hao minyoo?"

Hapo baiolojia yangu ya usiku ikapata kazi. Nikamwambia ndoo ilikuwa imetoboka, dawa inaziba tundu, lakini ndoo iliyozibwa bila kutiwa maji inabaki tupu vile vile.

"Mwalimu," akanijibu, "ungesema tu nilete dagaa."

Akaleta, na sijui kama kuna dagaa aliyebaki baharini. Muuza mabegi, Mchaga wa chumba cha pili, akaleta maini ya ng'ombe, akasimama mlangoni mpaka yaliwe mbele yake. Mama alileta matembele na ndimu, akaihamishia chupa yetu ya chai chumbani kwake. "Chakula kikishuka nitakuita," alimwambia mke wangu, na alimwita kweli, baadaye sana, kwa kikombe cha kumnywesha kifaranga. Udongo alioukuta chini ya kitanda aliumwagia kwenye kopo la mchaichai. Mchaichai ukastawi kuliko sisi wote.

Polepole rangi ilirudi viganjani. Siku moja nilimkuta mke wangu bombani, anaimba na ndoo mkononi, hahemi. Niligeuka nikajifanya natafuta funguo, maana macho yalikuwa yamejaa.

Kliniki, mimba ikiwa imekaribia mwisho wake, nesi alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Hii inatosha kabisa. Mmefanyaje?"

"Tulichangiwa," nikamwambia.

"Damu? Hospitali gani hiyo?"

"Dagaa, nesi. Pale pale nyumbani."