Mlango wa Nyumba ya Wawili

Asubuhi hiyo nilitoka Musoma bila mpango, kama nilivyozoea tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita. Dereva wa lori la dagaa aliniuliza naelekea wapi. Nikamwambia mbele. Tulipokaribia Butiama, harufu ya nyasi zinazoungua ikashinda ile ya dagaa, nami nikamwomba anishushe. Ni harufu ya msimu mmoja wa kuvuna mtama, nilipokuwa mtoto na mama yangu akitunza nyumba ndogo ya wageni, ya mawe, juu ya kilima, katikati ya majabali. Ilikuwa na kitanda kimoja, viti viwili na vikombe viwili. Walikuja watu waliotoka harusini, na wengine waliofuata historia ya kijiji wakanogewa na upepo.

Msimu ule walikuja Magesa na Nyangeta kutoka Murangi, ziwani. Hawakuwa na harusi, walikuwa wametoroka. Baba yake Nyangeta alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mwanamume mwingine. Mama aliligundua hilo siku ya kwanza, akaanza kuwapikia uji mzito zaidi. Kaka watatu wa Nyangeta walifika jua likiwa kali, na marungu na panga. Mkubwa wao, Mafuru, alizungumza kwa adabu.

"Mama, sogea. Hatuna ugomvi na wewe. Ng'ombe za watu ziko nyumbani, dada yetu hayupo."

"Kama mnataka chumba, kimejaa," mama akajibu. "Na nyie mko watatu. Kitanda hiki ni cha wawili."

Wakamsukuma akaanguka. Panga likaingia kwenye mlango mara kadhaa hadi bawaba zikang'oka. Wakamburuta Magesa nje kwa miguu, na rungu la kwanza likampasua sikio. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Damu yake ilirukia nguo zangu za shule. Hapo mama akainuka, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe la wizi wa ng'ombe.

Kwetu hakuna anayesikia yowe lile akauliza swali. Wanaume waliacha mtama wakapanda kilima na panga, majembe, mmoja na upinde. Wakawakuta wageni watatu wenye silaha. Wawili walikimbilia majabalini. Mafuru alijikwaa, na wakampiga kama wanavyopura nafaka, kwa zamu, wakihema. Mama alitaka watu, hakutaka maiti. Alipiga kelele kwamba huyo si mwizi, lakini sauti yake ya pili haikusikika. Ya kwanza ilikuwa bado inafanya kazi. Nyangeta akamwacha mpenzi wake akivuja damu, akaenda kulala juu ya kaka yake. Rungu lililokuwa tayari hewani likamvunja mkono.

"Ni kaka yangu," alisema, si kwa nguvu. "Tumelala tumbo moja."

Wakasimama. Mzee mmoja akauliza ng'ombe wako wapi.

"Hawapo," mama akasema. "Nilikosa neno lingine."

Wakamlaza Mafuru juu ya ule mlango uliong'oka, wakamteremsha nao. Pembe moja aliishika Magesa, sikio likining'inia. Mafuru alipona, ingawa tangu hapo alitafuna kwa upande mmoja. Mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe kumsindikiza dada yake kwa Magesa. Ila mama hakupaza sauti tena. Hata chakula kikiiva, alitembea hadi nilipokuwa, akanigusa bega.

Nyumba bado ipo. Mlango ni uleule, umerudishwa na kupakwa rangi ya buluu, na wapenzi hupiga picha mbele ya zile alama za panga, wakisema zinapendeza, ni za kale. Kijana wa mapokezi alitazama nyuma yangu.

"Uko na nani, dada? Hapa watu wanakujaga wawili."

"Peke yangu."

Akacheka kidogo, akanipa ufunguo. "Basi ukihitaji kitu, piga kelele tu. Nitasikia."

Nikamwambia asijali, nitatembea hadi mlangoni kwake.