Mwenye Maneno Aketi Kigodani

Nakumbuka Jumanne moja ya soko pale Rangwe, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru. Siku hiyo niliandika barua tamu kuliko zote maishani mwangu, na hadi leo nikiikumbuka nashusha pumzi.

Kazi yangu ilikuwa kama hii yako ya kuandikia watu kwa kompyuta, ila mimi nilionana na wateja ana kwa ana. Nilikaa kwenye baraza ya duka, meza moja na Mzee Zakaria, karani mstaafu wa misheni aliyenifundisha kazi. Mbele ya meza palikuwa na kigoda. Mteja aliketi hapo akasema yake, tukaandika, tukamsomea, kisha Mzee akabandika stempu na kupeleka barua kwenye basi la Homa Bay. Alikuwa na sharti moja tu: mwenye maneno aketi kigodani. Mimi niliona huo ni ukaidi wa uzee. Kijana anajua kila kitu, si unajijua?

Asubuhi hiyo akaja Ouma, mtu mzima mwenye kofia mpya. Alitaka barua kwa mdogo wake Otieno, aliyekuwa akichuma chai Kericho, lakini iandikwe kwa jina la mama yao.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Miguu inamsumbua, hawezi kutembea. Wewe andika tu, omera, ndugu yangu. Watu wanasema hakuna mtu anajua kuandika machozi kama wewe."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Malipo yalikuwa yale yale ya kila siku. Kilichoniponza ni sifa. Mzee alikuwa akimwandikia mtu mwingine, hakuinua kichwa. Nami nikaandika kwa sauti ya ajuza: mwanangu, mkeo Akinyi ametuaibisha, ametoroka na mvuvi wa Mbita, usirudi kumtafuta, shamba lako la kando ya mto mwachie ndugu yako Ouma. Nikaongeza mwenyewe, bila kuombwa, kwamba macho yangu hayaoni tena kwa kulia. Nilipomsomea, Ouma mwenyewe alipangusa jicho!

Alasiri, basi likiwa limeshaondoka, akaja mama mmoja mzee amejitwika kikapu cha omena, dagaa wa ziwani. Nyuma yake alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mama akatua kikapu, akaketi kigodani bila taabu yoyote.

"Nyathina, mwanangu, andikia mtoto wangu Otieno, yuko Kericho kwa chai. Mwambie mvua imenyesha. Mwambie huyu Akinyi wake ndiye ananipikia, ndiye ananilimia. Na mtoto ameanza kutembea."

Akinyi akacheka kwa haya, akageuka ili nimwone mtoto. Kalamu ikaniponyoka.

Niliandika, sijui vipi. Walipoondoka nikakimbia hadi barabarani, nikakuta alama za magurudumu kwenye tope. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikarudi kwa Mzee Zakaria nikilia waziwazi, nikamweleza yote, hata lile la macho yasiyoona.

Akafungua Biblia yake, akachomoa bahasha yangu.

"Barua ya mama, na mama hakuketi," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Ungenyamaza mpaka jioni, kesho ungetafuta meza nyingine."

Mwanangu, nimeandika maisha yangu yote na bado sijapata neno la kutosha kwa nafuu niliyoisikia. Niliketi sakafuni nikacheka na kulia pamoja. Kisha nikaichana ile barua vipande vidogo vidogo.

Wiki iliyofuata Ouma alirudi akitaka nyingine. Nikamrudishia alichonilipa, nikamwambia barua ya kwanza haikwenda, na kama anataka ya pili amlete mama aketi. Alinitukana mpaka wauza ndizi wakasimama kutazama. Jioni hiyo nilikula vizuri ajabu.

Krismasi Otieno alikuja nyumbani, akapita mezani kunipa mkono. "Nikisoma barua zako," akasema, "namsikia mama mwenyewe." Alikuwa ananisifu. Mimi nilishindwa kumtazama, nikatazama kigoda.

Basi umeniuliza ni mteja gani wa kukataa. Msumbufu utamzoea, na bahili mtaelewana. Mkatae anayekuletea maneno ya mtu asiyekuwepo, na umwogope zaidi akianza kukusifu, kwa maana kipaji chako ndicho atakachokitumia kumwumiza mtu ambaye hujamwona. Na kama umeshakubali, sema mapema, hata kwa aibu. Majuto ni mjukuu, na si kila meza ina Mzee Zakaria.

Mungu akupe wateja wa kutosha, mwanangu, na akupe kinywa cha kuwaambia baadhi yao hapana. Ulichoandika kwa haki kifike salama. Na siku utakayokosea, basi ikukute bado una nafasi ya kukichana.