Redio au Tanki

Ilikuwa mwaka ule daraja la bondeni lilipochukuliwa na maji. La, nimekosea. Daraja lilichukuliwa mwaka uliofuata, maana katika mkasa huu lori la mafuta lilipita juu yake, nalo halina mabawa. Basi ni mwaka wa kabla ya daraja, mwaka ambao redio ilikuwa ikitangaza bei ya mafuta kwa sauti ileile ya kutangazia vifo. Tuushike huo, twende.

Mji wenyewe umekaa mlimani, pale lami inapochoka na kuliachia vumbi liendelee. Kituo cha mafuta kilikuwa kimoja: pampu ya petroli, pampu ya dizeli, paa la bati, na nyuma yake chumba ambacho hata mto wa kulalia ulinuka petroli. Humo aliishi mwanamke aliyeitwa Mama Ngazi. Aliitwa hivyo kwa kuwa bei ilipobadilika, yeye ndiye aliyeegemeza ngazi kwenye nguzo ya ubao, akapanda, akavua vibati vya tarakimu kwenye misumari na kutundika vingine. Vibati hivyo alivichora marehemu mumewe, fundi wa mabango. Tarakimu zake zilikuwa nyekundu, zimenenepa tumboni, na sifuri yake ilifanana na mtu aliyetoka kula kwa jirani.

Mwenye kituo alikuwa mdogo wa marehemu. Watu walimwita Tajiri, nusu heshima nusu kejeli, maana soli za viatu vyake zilikuwa zimeanza kuagana na viatu. Yeye na Mama Ngazi waliitana shemeji, wakagombana kishemeji, wakasahau kishemeji. Hata chumba kile alimpa bila masharti baada ya mazishi. Ukarimu huo aliukumbusha mara mojamoja tu, kama mtu anayekagua kama mlango bado umefungwa.

Kila asubuhi Mama Ngazi alifungua mfuniko wa tanki lililozikwa ardhini, lililogawanywa ndani kati ya petroli na dizeli, akatumbukiza mti mrefu wa kupimia, akautoa na kutazama unyevu umefika wapi. Kazi ndogo hiyo. Lakini mtu akichungulia tanki kila siku, mwishowe hulijua kama mama anavyolijua tumbo la mwanawe: limekula lini na limekula nini.

Sasa asubuhi moja redio ikasema mafuta yamepanda. Ikataja meli, ikataja dola, ikataja vita vya watu ambao hatuwajui wala hawatujui. Tajiri alifika mbio, redio imebanwa sikioni kama jino linamuuma.

“Shemeji! Panda! Toa sita, weka nane!”

Foleni ilikuwa imeshafika barabarani, kwa sababu na wengine wana redio. Mbele kabisa alisimama mwenye mashine ya kusaga, bwana mmoja mwenye unga hadi kwenye kope, aliyeitwa Pumba. Alikuja na mapipa yake ya dizeli juu ya mkokoteni.

Mama Ngazi akapanda. Alipofika juu akashika ile sita, akawa kama mtu aliyesahau alichoendea jikoni. Akageuka, akatazama mfuniko wa tanki kule chini.

“Shemeji, lori la mwisho lilikuja lini?”

“Wiki iliyopita. Si ulikuwepo?”

“Nilikuwepo, ndiyo maana nauliza. Haya yaliyomo tankini uliyanunua kwa bei gani?”

“Ya zamani. Lakini...”

“Basi haya hayajasikia redio.”

Foleni ikacheka. Tajiri hakucheka. “Shemeji, usinifanyie mzaha na riziki yangu. Nikiuza haya kwa bei ya jana, lori lijalo nitalinunua kwa nini? Kwa meno?”

Hilo lilikuwa neno, na Mama Ngazi alijua kwamba ni neno. Alijishikiza vizuri pale juu, upepo unamchezea ovaroli. Kisha akasema polepole, ili hata wa nyuma asikie:

“Sawa. Mwaka jana redio ilisema bei imeshuka. Nikaegemeza ngazi. Ukaniambia, ‘Shemeji, usiguse, yaliyomo tankini ni ya bei kubwa.’ Nikatii. Leo imepanda, tanki limeshasahaulika. Basi chagua moja mbele ya watu. Ama tufuate redio, ama tufuate tanki. Kupanda kwa redio na kushuka kwa tanki, ngazi yangu haitaki.”

“Ngazi yako? Ngazi ni yangu!”

“Ngazi ni yako, miguu ni yangu.”

Tajiri akaona anavuliwa nguo hadharani. Akasema lile ambalo mtu husema na kulijutia kabla halijafika mwisho: “Ukishuka hapo bila kubadilisha bei, ukafungashe! Chumba nitampa mtu mwingine, na kazi vilevile!”

Mama Ngazi hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na wote walilijua hilo. Akavua vibati vya akiba vilivyoning'inia nyuma ya ubao, kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa ovaroli mpaka mfuko ukashuka magotini. Akateremka akilia kengele kama ng'ombe wa kwanza wa zizi.

“Nitafungasha,” akasema. “Lakini vibati ni kazi ya mkono wa marehemu kaka yako, na aliniachia mimi. Huyo mtu mwingine mwambie aje na sifuri zake.”

Ubao ukabaki na bei ya zamani. Na sheria ilikuwa ileile kila mahali: inayosomeka ubaoni ndiyo inayouzwa pampuni. Tajiri akachana boksi la sabuni, akachukua mkaa, akaandika bei mpya harakaharaka.

Pumba akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. “Tajiri, hii ni bei, au kuku amepita hapa?”

Honi zikalia. Mtu wa pikipiki akasema yeye halipi bei ya mkaa kwa mafuta ya wiki iliyopita, na wa nyuma yake akaitikia. Tajiri akatazama foleni, akatazama boksi, akatazama ule mfuko uliojaa tarakimu. Akalitupa boksi.

“Haya! Tanki! Tufuate tanki!” Halafu akamsogelea shemeji yake, sauti chini: “Chumba kaa. Lakini neno lako hili, shemeji, litakurudia.”

“Lirudi tu. Litanikuta hapahapa.”

Siku ile alishangiliwa. Watu wa bondeni, ambako ubao ulikuwa umepanda kabla redio haijamaliza kusema, walipanda mlima kuja kununua, na tanki likakauka upesi. Lori jipya lilipofika, Mama Ngazi hakusubiri kuambiwa. Aliegemeza ngazi mwenyewe, akatundika nane, akashuka.

Pumba alinung'unika. “Lakini hata hivyo, mbona siku nyingine zote bondeni ni nafuu kuliko hapa? Na kwa shemeji yangu kule bandarini ni nafuu zaidi! Mafuta si yaleyale?”

Aliyemjibu ni dereva wa lori, mtu mnene aliyeitwa Kobe kwa mwendo wake mlimani. “Mafuta ni yaleyale, ila hayatembei kwa miguu. Yakishuka melini yanalipa ushuru, yanalala bohari, halafu nayabeba mimi. Na hili lori langu linakunywa dizeli njia nzima. Unapandishiwa petroli kwa dizeli, bwana. Dizeli ikipanda, hata kuileta dizeli yenyewe kumepanda. Bandarini wanalipa mafuta. Ninyi mnalipa mafuta na mlima.”

“Basi ushushe mlima,” Pumba akasema.

“Nikiweza huo, sitauza mafuta.”

Miezi ikapita. Redio, kwa sauti ileile, ikasema bei imeshuka. Foleni ikajipanga, safari hii na tabasamu. Tajiri alikuja bila haraka yoyote, mikono nyuma, anatembea kama baba wa bwana harusi.

“Shemeji,” akasema, “tanki likoje?”

Mama Ngazi akafungua mfuniko, akatumbukiza mti, akautoa mbele ya wote. Ulikuwa umelowa karibu mpaka mkononi. Yote yale ni ya bei kubwa.

“Tanki,” akasema. Hakugusa ngazi.

Hapo ndipo watu walipogeuka. Mmoja akasema amehongwa. Mwingine akasema damu nzito kuliko maji, shemeji ni shemeji. Pumba, aliyecheka kuliko wote siku ile, ndiye aliyetukana kuliko wote siku hii.

Mama Ngazi akachomeka ule mti ardhini kama mkuki. “Mlipofaidi tanki mlipiga vigelegele. Leo limekuwa chungu? Mkuki kwa nguruwe? Maji mliyavulia nguo wenyewe, yaogeni. Bei hii haishuki kwa matusi, na mimi sihamishi neno langu kwa sababu leo linaniuma. Lori jipya likija nitapanda kabla halijazima injini. Anayetaka kusubiri asubiri. Asiyetaka, njia ya bondeni ile pale.”

Wakaishika njia ya bondeni. Pumba alisukuma mapipa yake kuteremka, kisha akayasukuma kupandisha, unga na jasho vikawa uji usoni. Kituo kikanyamaza. Asubuhi mti ulitoka umelowa palepale ulipolowa jana, na keshokutwa yake vilevile. Tajiri, aliyeanza kwa kupiga mluzi, akaacha mluzi, akawa anakalia kreti la oili akitazama barabara.

Kobe alipita na lori lililojaa, akasimama kusalimia tu, maana hapakuwa na pa kumimina. “Bondeni barabara kuu inawapitia,” akasema. “Tanki lao linakwisha na kujaa, bei yao inatembea na dunia. Lenu limelala. Bei imelilaza tanki, na tanki limeikalia bei. Hapo mtazeeka.”

Tajiri aliitafuna kauli ile siku nzima. Kisha akaja mlangoni kwa shemeji yake, mikono si nyuma tena.

“Shemeji, panda. Shusha.”

“Tanki bado.”

“Najua. Shusha, hasara yangu.”

“Siyo humu chumbani. Kaseme nje.”

Pumba alikuwa anapita na mkokoteni, ulimi nje. Mama Ngazi akamsimamisha na wengine waliokuwa karibu, na Tajiri akasema, akitazama viatu vyake, kwamba anashusha kwa hiari yake na hasara ni yake. Mama Ngazi akatoa vibati chini ya kitanda, akaegemeza ngazi.

“Mimi nilikataa kupandisha kisichopanda,” akasema akiwa juu. “Mwenye mali akitaka kushusha, sijawahi kumzuia.”

“Kwa hiyo tulikutukana bure?” Pumba akauliza.

“Si bure. Nimeyasikia yote.” Akaigonga ile sita mpaka ikakaa. “Lete mapipa.”

Nilikuwepo, nimekaa kando kuupumzisha mguu, na nilipoona Tajiri anatazama bondeni badala ya kutazama ubao, likanijia swali. Nikamuuliza Mama Ngazi. Akashuka akaenda kufunga mfuniko. Nikamuuliza Tajiri, akaingia ndani kutafuta kitu. Nikamuuliza Kobe alipopita tena, akawasha lori. Swali lenyewe ni hili: kama kule bondeni kusingekuwa na kituo kingine, ubao wetu ungeshuka lini?