Simbilisi Wanne wa Mama Masika

Nakumbuka asubuhi moja niliyotamka neno moja tu, na neno hilo nusura limuue mtu. Mwanangu, umenijia na furaha yako, unaniambia dawa uliyotengeneza imeponya maharage, kwa sababu ulilimwagia shamba lote na shamba lote likastawi. Nimefurahi nawe. Lakini kabla sijakupongeza, kaa kwanza nikusimulie aibu yangu ya nilipokuwa na umri kama wako.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilitoka Butembo kuja Goma kusoma, barabara ikafungwa nyuma yangu, nikabaki kwa shangazi yangu kule Ndosho. Nilimaliza sekondari upande wa biokimia, tena kwa alama nzuri, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kweli kweli. Kila asubuhi nilikwenda kwenye kambi ya wakimbizi iliyokuwa nje kidogo ya mtaa wetu, kuwafundisha akina mama kuchemsha maji. Waliniita Docta. Sikuwakataza. Niseme ukweli, jina nililipenda.

Kambi ilijengwa juu ya mawe meusi ya volkano, makali ya kuchana miguu. Waliokuja mwisho walipata bonde dogo katikati ya mawe, wakalifurahia, maana lilikuwa na udongo laini na upepo haukufika. Mzee mmoja mwenyeji aliwaambia mahali pale pana mazuku, upepo mbaya unaoua asubuhi. Walipoingiwa na wasiwasi wakaniuliza mimi. Nikawacheka, nikawaambia hizo ni hadithi za wazee.

Juu ya bonde hilo, ukingoni, aliishi mjane aliyeitwa Mama Furaha. Alifika peke yake, bila mume wala mtoto, na lugha yake ya nyumbani hakuna aliyeielewa pale; Kiswahili alikisema kidogo tu. Watu hawakumpenda, ila watoto walimpenda, kwa sababu alikuwa na mkono wa kupika. Jioni moja alimpa lengalenga, ile mboga ya majani, kwenye bakuli mtoto wa miaka minne, Baraka, aliyeishi chini bondeni na wazazi wake. Alfajiri baba yake, Papa Baraka, akaja kuniita mbio. Wazazi walilala juu ya kitanda cha miti; mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wake, chini, na hakuamka tena. Hakuwa na jeraha, hakutapika.

Bakuli lilikuwa bado kando ya mkeka, na mabaki ndani yake.

"Jana alikula chakula ya ule mama," Papa Baraka akaniambia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Docta, angalia. Wewe ulisoma."

Nilisoma, ndiyo. Nilijua jambo halisemwi bila kupimwa. Basi nikakimbia kwa Mama Masika, jirani wa kambi, mzee wa kwetu Butembo aliyefuga simbilisi, wale wanyama wadogo wa jikoni wanaokula nyasi. Nikambeba mmoja bila hata kueleza vizuri. Nikamlisha lengalenga mikononi mwangu, akala, nikamweka pale pale kwenye mkeka. Watu wakajaa, wote wamesimama, wote wanamtazama. Akatetemeka, akalala ubavu, akafa.

Nikasema, "Sumu."

Sikulisema kwa sauti kubwa, mwanangu. Lakini Papa Baraka alitoka nje, na kabla sijainua kichwa, wanaume walikuwa wameshika mawe. Mawe pale hayatafutwi, unainama tu. Niliwafuata nikipanda ukingo, na nilimwona Mama Furaha mlangoni mwa kibanda chake, mwiko mkononi, akituangalia bila kuelewa. Niliogopa. Na bado, nisikufiche, sehemu moja ya moyo wangu ilijisifu kwamba nimegundua.

Aliyetangulia kufika alikuwa Mama Masika. Alikuwa ananitafuta kwa ajili ya mnyama wake. Alipoona mawe alikwenda akaketi mlangoni kwa yule mjane, miguu ameinyoosha, kama mtu anayechambua maharage.

"Mnyama yangu iko wapi?" akaniuliza.

"Alikufa, Mama. Alikula chakula ya huyu, akakufa."

"Na mwengine?"

"Mwengine gani?"

"Mwengine mwenye hakukula. Ulimuweka wapi?"

Hakukuwa na mwingine.

"Miye niko mutu ya kufuga," akasema, na sasa alikuwa anasema na wote. "Nikikuta mumoja amekufa, situpe nyasi. Naangalia kwanza bale balikula nyasi ile ile. Kama bako bazima, nyasi haina kosa. Docta, unajua ni chakula? Ao unafikiri?"

Watu wote wakanigeukia. Mwanangu, nimepitia vita, nimelala njaa, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama neno nililolitoa pale.

"Sijui," nikasema.

"Asubuhi ulijua!" Papa Baraka akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Mutoto yangu iko pale chini, na weye asubuhi ulijua!"

"Nilisema mbio, Papa. Sikujua."

Mtu mmoja akanitemea mate miguuni. Nilistahili. Mama Masika hakuondoka mlangoni. Alisema amebakiwa na simbilisi wanne, wa tumbo moja, na atawatoa wote, ila wasubiri hadi saa ile ile ya alfajiri ya kesho. Anayetaka kurusha jiwe sasa, aanze naye. Tena akaongeza neno ambalo mimi msomi sikulifikiria: mpaka tujue, hakuna mtoto atakayelala kule bondeni. Kama si chakula, ni kitu kingine, na hicho kingine bado kiko pale. Watu walinung'unika, lakini akina mama waliwapandisha watoto juu ya mawe, na mjane akakaa siku nzima ndani ya kibanda chake akilindwa na Mama Masika.

Mchana huo nilifikiri kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Yule mnyama wangu alikula, na pia aliwekwa bondeni. Mambo mawili yalimpata kwa pamoja, nami nikachagua moja kwa sababu nililitaka. Basi wawili walishwe mabaki ya bakuli lile lile, wawili wasile. Halafu mmoja wa kila upande ashuke bondeni, na mmoja abaki juu. Mengine yote yawe sawa. Nikamweleza Mama Masika, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniuliza nani ataangalia. Mimi? Wakati kila mtu anajua sasa natamani mjane apone? Tukakubaliana kwamba yeye atawalisha ndani kwake na kuwafunga nyuzi, wawili nyekundu, wawili nyeupe, na hatamwambia mtu nyuzi zina maana gani. Wa kuangalia awe Papa Baraka mwenyewe.

Alfajiri ilikuwa ya baridi, hakuna jani lililotikisika. Papa Baraka alifumba macho, akachagua mmoja mwekundu na mmoja mweupe wa kushuka. Akawaweka kwenye ule mkeka wa mwanawe, aliouvuta mlangoni mwa kibanda tuuone. Wengine wawili wakawekwa juu, kwenye jiwe. Tukasimama. Kando yangu Mama Furaha alikuwa anasali kwa lugha yake, pole pole.

Bondeni, mweupe alilala kwanza. Kisha mwekundu.

Juu ya jiwe, wote wawili walikuwa wanatafuna.

"Nani alikula chakula?" Papa Baraka akauliza kutoka kule chini. Alikuwa anapepesuka, tukamvuta juu kwa mikono.

"Bekundu," Mama Masika akajibu.

Mwekundu mmoja amekufa, mwekundu mwingine mzima. Na yule mweupe, ambaye hakuonja hata jani la lengalenga, amekufa vile vile. Hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Tulishusha mshumaa kwa kamba, mwali ukazimika kabla haujafika mkekani. Ilikuwa mazuku, ile hewa nzito ya volkano isiyo na rangi wala harufu, inayotoka ardhini na kutuama penye mabonde. Nilikuwa nimeicheka.

Watoto saba walikuwa wakilala ndani ya lile bonde. Kama neno langu lingeachwa lifanye kazi yake, tungemuua mwanamke, kisha tungewarudisha watoto wakalale pale pale, tukidhani wako salama.

Mama Furaha alipoachiwa hakulia, wala hakututukana. Aliuliza, "Batoto balilala wapi?" Akaonyeshwa, wamejikunyata juu ya mawe chini ya turubai. Akawahesabu kwa kidole. Kisha akanigeukia, nami nikapiga magoti nimwombe msamaha, akaniinua kwa mkono.

"Jana ulisema mbio," akaniambia. "Leo usiseme kwangu. Uende kwa kila kibanda, useme na kinywa ile ile."

Nilikwenda kibanda kwa kibanda, siku nzima. Wapo walionifungia turubai usoni. Wapo ambao hawakula tena kwa mjane yule mpaka kambi ikavunjwa. Lakini jioni Papa Baraka alipanda ukingo, akiwa na lile bakuli la mtoto, ameliosha. Akamnyooshea mjane. Mama Furaha akalijaza.

Sasa, maharage yako. Mwaka huu mvua ilinyesha vizuri hata kwa jirani ambaye hakumwaga kitu. Msimu ujao, acha matuta mengine bila dawa, mbegu ile ile, udongo ule ule, siku ile ile, na chagua kwa kufumba macho. Anayepima mavuno asijue tuta lipi ni lipi, hasa kama ni wewe. Na siku ukikosea, lirudishe neno lako kwa miguu yako, mlango kwa mlango, kwa sauti ile ile uliyolitolea.

Mungu akupe akili ya kuuliza, mwanangu, na moyo wa kusema sijui mbele za watu. Akulinde na jina lolote watakalokupa kabla hujalistahili. Na kila utakaposimama na jibu lako mkononi, akuletee mama mzee wa kuketi mlangoni akuulize: na mwengine, ulimuweka wapi?