Mkono Juu ya Sahani

Mimi mji siujui mpaka nijue pa kula. Wengine wakihamia mahali huuliza shule, hospitali na kanisa. Mimi huuliza nani anauza maharage yasiyomaliza makaa, na nani anakaanga bila kubania mafuta. Nilipohamishiwa Gisenyi, Rwanda, kikazi, mapazia yalikaa kwenye mfuko wiki nzima, lakini soko nilikuwa nimeshalizunguka na wauza nyanya wawili nilikuwa nimeshagombana nao.

Safari hii, hata hivyo, sikuwa najitafutia mwenyewe. Nilikuja na baba yangu.

Mama alifariki mwaka uliotangulia, kule Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia wakiwa vijana na ambako mimi nilizaliwa. Baba alibaki peke yake kwenye nyumba iliyojaa viti. Alikuwa fundi seremala, na kila kiti alikitengeneza mwenyewe, kana kwamba siku moja ukoo mzima ungekuja kukaa. Nilipopata nyumba Gisenyi nilimfuata, nikafunga mlango, funguo nikampa jirani. Nilidhani nimemaliza kazi.

Baba akaacha kula.

Si kwamba alisusa. Ningejua la kufanya na mtu aliyesusa. Alikuwa anapakua vijiko viwili vitatu vya chochote nilichopika, anakula polepole, kwa adabu, halafu anaisukuma sahani katikati ya meza na kukaa anaitazama. Nasubiri kidogo, nauliza, "Umeshiba, Baba?" Ananijibu, "Nimeshiba." Basi natoa vyombo. Nina haraka na kila kitu mimi, hata kuosha vyombo.

Siku moja nilirudi kazini nikamkuta uani, amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, ameshika msumari mwekundu kwa koleo. Alikuwa anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake.

"Unafanya nini, Baba?"

"Mkanda umelegea," alisema, kama vile kosa ni la mkanda.

Juma hilohilo akaniambia kwamba mwisho wa mwezi anarudi Karagwe. Chakula cha huku hakimpandi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha. Arudi kwa nani? Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuchemsha maji ya chai. Nilimwona kwenye ile nyumba, kiti kimoja kimekaliwa na vingine vyote vitupu, nikajua hatamaliza mwaka. Niliogopa. Na mimi nikiogopa huwa mkali, na kwa kuwa sikuweza kumkaripia baba yangu, nikaukaripia mji.

Nikaanza kuhangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nilipanda basi dogo hadi Kanama kufuata viazi na maharage mapya, maana mtu wa ofisini kwetu aliapa kwamba ya sokoni yamelala. Baba alikula vijiko vitatu. Nilishuka ziwani asubuhi kununua sambaza, visamaki vya Kivu, bado vinang'aa, nikavikaanga mpaka vikalia mdomoni. Akala kiganja kimoja, akasema ni vitamu, akasukuma sahani. Nilimpeleka kwenye duka la maziwa, lile ambalo wazee hukaa na vikombe vyao vya mgando na chapati, hawana habari na mtu. Alikunywa nusu kikombe. Nilimpeleka kwenye mishikaki ya mbuzi, mahali ambapo unaagiza, unasubiri, unasahau uliagiza nini, ndipo inakuja. Alisinzia kabla haijafika. Karibu na mpaka kulikuwa na mama kutoka Goma anayeuza sombe, kisamvu chao, iliyoungwa mawese. Nilimsimulia shida yangu yote, akanifungia bakuli akisema, "Hii hata mugonjwa anaamuka." Mgonjwa wangu hakuamka.

Nikawa siwezi kupita mbele ya mkahawa bila kuingia na kufunua sufuria za watu kwa macho. Ziwa lilikuwa palepale, limetulia, wageni wanapiga picha. Mimi nililipita nikiwa na mfuko wa vitunguu nimenuna, nikihesabu ni nani bado sijamjaribu.

Siku moja kabla ya safari yake, begi lake likiwa tayari limesimama karibu na mlango, nilimwomba tule pamoja mchana karibu na kazini kwangu. Alikubali kwa sababu alikuwa anaondoka. Nilimpeleka kwenye melanji, chakula cha mchana cha watu wa maofisini na wafanyabiashara. Masufuria yamepangwa kwenye meza ndefu: wali, viazi, ndizi, maharage, mchicha, makaroni. Unapita na sahani mara moja tu. Unajaza utakavyo, lakini kurudi hakuna, na nyama anakupimia mhudumu mwenyewe asije mtu akajisahau. Kwa hiyo watu hujenga. Nimeona vijana waliofunga tai wakitanguliza viazi chini kama msingi, wali juu yake, makaroni pembeni kuzuia maporomoko.

"Baba, hapa ni mara moja tu," nilimnong'oneza. "Jaza."

Akapakua kama mkwe: wali kijiko, maharage kijiko, kipande cha ndizi. Nilitaka kulia pale kwenye foleni.

Mezani tulikaa na mwanamke mmoja wa makamo, mmoja wa wale wanaovuka kwenda Goma na kurudi kila siku na biashara zao. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa, na sahani yake ilikuwa imejengwa vizuri kuliko nyumba yangu. Alitusalimia, akafuta kijiko chake kwa karatasi. Baba akala vile vyake. Alipomaliza akaisukuma sahani katikati ya meza, akakaa anaitazama. Nami nikafungua mdomo kuuliza kama ameshiba.

Yule mwanamke akaniwahi.

"Eh, Muzee! Hapa habaongezake. Banapakua mara moja tu." Akavuta sahani ya Baba karibu. "Lete. Sijagusa bado, angalia."

Baba akaweka mkono juu ya sahani, vidole vimekunjuka. "Imetosha, mama. Imetosha kabisa."

"Imetosha nini? Mutu muzima hivi?"

Hakungoja. Alimimina maharage palepale, mengine yakapita kati ya vidole, mengine yakabaki juu ya mkono. Baba akacheka. Kicheko chenyewe nilikuwa nimekisahau. Akakung'uta mkono, akala vyote. Kisha akaisukuma tena sahani katikati, na yule mwanamke akamwongeza tena, viazi safari hii, na tena mkono ukapanda juu na ukapuuzwa.

Nilikuwa nimeshika uma wangu na sikuweza kuupeleka popote. Ule mkono niliujua. Utoto wangu wote niliuona mezani kwetu. Mama hakukaa mpaka Baba amalize. Alisimama nyuma yake na upawa, na ile sahani ya kwanza ilikuwa salamu tu, kidogo cha kufungulia. Baba akiisukuma, Mama anakuja, Baba anafunika, Mama anamimina juu ya vidole, na sisi watoto tunaanguka kwa kicheko. Tulidhani ni mchezo wao. Sikumbuki hata siku moja baba yangu akisema ana njaa, au akiomba chakula. Kwa nini aombe? Alikuwa akisukuma sahani.

Na mimi miezi yote hii nilikuwa naitoa mezani naenda kuiosha.

Yule mwanamke hakuona ajabu yoyote. Alikula kilichobaki, ambacho bado kilikuwa kingi, akamwambia Baba kwamba mvua inakuja na anataka kuvuka kabla barabara haijawa matope. Akaondoka. Baba alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni.

Jioni sikwenda dukani. Nilipika nilichokuwa nacho, ugali na yale maharage ya Kanama. Nilimpakulia kidogo, yeye akala, mimi nikabaki nimesimama. Begi lilikuwa palepale karibu na mlango. Tangu tuzike, Baba hakuwa amemtaja Mama hata mara moja, nami sikuwahi kumtaja mbele yake, na nikiwa nimesimama pale na upawa niliona kama namtaja kwa sauti kubwa. Nilitamani kukaa. Nilifikiri ataudhika, atadhani namwigiza marehemu.

Akaisukuma sahani katikati ya meza.

Nikasogea. Mkono ukapanda, ukafunika.

"Imetosha," alisema.

Nilimimina. Mchuzi ulikuwa umetoka motoni saa hiyohiyo, na yeye akauvuta mkono kwa kasi, akaupuliza, akaramba kidole kimoja, kisha kingine. Sikujua niombe radhi au nikimbilie maji. Alikula yote, bila haraka, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Mama yako alikuwa anaupooza kwanza," alisema, na akaisukuma tena sahani katikati ya meza.