Salamu Haina Mbio

Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo sasa ina lami, rafiki yangu, na mtu anaweza kusinzia njia nzima. Mimi sikusinzia. Basi lilipoanza kuteremkia bonde la Malagarasi, miguu yangu ilijikaza yenyewe, mikono ikashika kiti cha mbele, meno yakaumana. Nilikuwa nikisubiri korongo lililokwisha kufukiwa. Abiria wa kando yangu aliniuliza kama naumwa. Ningemwelezaje kwamba akili yangu ilikuwa na habari za lami, ila mwili ulikuwa haujaambiwa?

Nilikuwa nakwenda kumwona bibi aliyenilea. Kiharusi kilikuwa kimemlaza, na wifi yangu, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amenipigia simu: "Wifi, bibi haongei. Anaangalia tu. Hatujui hata kama anatujua." Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyonipandisha basi. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama ndani ya ukimya ule mimi bado nilikuwamo.

Unajua jinsi safari inavyomrudisha mtu nyuma. Nilikulia katika nyumba yake ya matofali ya kuchoma, kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Kibondo, mahali ambapo asubuhi ilianza kwa mlio wa mchi na harufu kali ya muhogo uliovundikwa, umeanikwa juu ya mwamba ukisubiri jua. Maharage yalichemka tangu alfajiri. Siku za mawese, mji mzima ulinukia, nasi watoto tulilamba vidole mpaka vikakunjamana.

Nilikuwa mtoto asiyetulia. Nikitumwa maji, nilirudi na ndoo nusu, nusu nyingine nimeimwagia njia. Nikipepeta maharage, kuku ndio walioshukuru. Mwalimu wa darasa la pili alinituma kufuta ubao hata ukiwa safi, ili wenzangu wapate kusoma. Bibi alisema nimezaliwa na siafu miguuni, na kila mgeni aliambiwa hivyo kabla hajakaribishwa kiti.

Wageni ndio walionipa taabu. Kwetu Uha, nchi ya Waha, salamu haikuwa neno la kutupiana njiani. Ulipiga goti, ukapiga makofi ya polepole, laini, ukauliza usiku umekuwaje, watoto, ng'ombe, shamba. Na kila swali lilisubiri jibu lake. Makofi yangu yalikuwa kama mvua juu ya bati. Nilikuwa nimeimaliza salamu kabla mgeni hajamaliza kuinama.

Bibi hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akavifunika viganja vyangu viwili kwa kiganja chake kimoja kipana, chenye harufu ya moshi, akavikandamiza mpaka pumzi yangu iliposhuka. Kisha akaniachia, nikaanza upya. "Salamu haina mbio," alisema. "Mwenye mbio huisalimia njia." Sikumwona akimfanyia hivyo mtoto mwingine yeyote. Wenzangu hawakuwa na haja.

Nilifika jioni, nikalala nusu usingizi, na asubuhi nikamkuta ameketishwa barazani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilisema shikamoo. Akautazama ukuta. Nikachutama mbele yake nikaanza kumhoji kama msimamizi wa mtihani: "Bibi, unanijua? Mimi ni nani?" Midomo ilitikisika, ikatoa sauti isiyo neno, na macho yake yakajaa hofu. Niliinuka, nikazunguka ua, nikarudi, nikazunguka tena.

"Wifi, kaa basi!" wifi alinililia. "Tangu umefika hata kigoda hujakikalia. Unatutia kizunguzungu sisi wazima, sembuse mgonjwa."

Daktari alikuwa amewaeleza kwamba damu ilikosa njia upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vilikwenda pamoja. Alisema pia kwamba yale ambayo mtu ameyatamka maisha yake yote, sala, nyimbo, huweza kubaki hata maneno mengine yakipotea. Nimesoma chuo kikuu, nililielewa jambo hilo upesi. Kulielewa hakukunisaidia kukaa.

Ndipo akaingia jirani, mwanamke mzee wa rika la bibi, aliyekuwa kwa bintiye huko Kakonko tangu kabla ya ugonjwa. Hakuuliza hali ya mgonjwa. Aliweka kikapu chini, akainama mpaka magoti yakalia, akapiga makofi yale ya zamani. "Mwakeye," alisema, ile salamu yetu ya asubuhi.

"Mwakeye," bibi akajibu.

Wifi aliangusha sufuria. Jirani hakugeuka, aliendelea kuuliza kwa Kiha juu ya usiku, juu ya watoto, na bibi akajibu neno baada ya neno, sauti yake nzima, kama maji yanayofuata mfereji wake wa zamani.

"Mbona mlisema haongei?" jirani akauliza.

"Haongei, bibi! Na sisi tunamsalimia kila siku," wifi alimjibu jirani.

"Mnamsalimiaje?"

Wifi akainama kuokota sufuria. Walikuwa wakimpa shikamoo ya mlangoni, kwa sauti kubwa, kama watu wanaomwita kiziwi, kisha wakapita. Kwa kumhurumia, wasimchoshe, hakuna aliyempigia goti wala kusubiri jibu.

Nilifurahi, na papo hapo furaha ikaniuma. Salamu ilikuwa imebaki, lakini salamu ni ya kila mtu. Angeweza kumjibu hivyo hata mpita njia. Mimi je?

Nilipiga goti. Kiha changu kimeliwa na miaka ya mjini, ila magoti yalijua pa kwenda, na nilipoanza makofi, maneno yakaja nyuma yake, moja likimvuta mwenzake. Bibi akajibu la kwanza. Akajibu la pili. Nami, kwa hamu ya kufika lile la tatu, nikaanza kukimbia; makofi yakawa mvua juu ya bati.

Mkono wake wa kushoto ukainuka. Ulishuka juu ya viganja vyangu, ukavifunika, ukakandamiza. Haukuondoka mpaka pumzi yangu iliposhuka.

"Siafu wake bado wapo!" jirani akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Hakulitaja jina langu siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka alipotuacha kabla ya mavuno. Jirani naye ametangulia. Ile baraza imebomolewa, mwamba wa kuanikia muhogo umepasuliwa kuwa kokoto, na wanangu hunisalimia bila kuinua macho kutoka kwenye simu zao. Siwalaumu, miili yao haikufundishwa.

Bado situlii. Huamka mapema kuliko inavyonipasa, nazungukazunguka nyumba, nafungua madirisha nisiyohitaji kuyafungua. Wakati mwingine, katikati ya haraka hizo, migongo ya mikono yangu hupata joto na uzito. Nasimama nilipo, nasubiri. Kisha uzito unaniachia, nami naanza upya.